Umeme Mbichi wa Mururu

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa waya hata mmoja. Nilipewa nyundo nzito na fimbo ya shaba iliyonizidi kimo, nikaonyeshwa ardhi nyuma ya nyumba moja pale Kamembe, nikaambiwa nigongee ile fimbo mpaka ibaki imetokeza kiasi cha kiganja tu. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi, cheti kwenye bahasha, nimevaa shati jeupe. Kufika saa sita mchana shati lilikuwa rangi ya udongo na viganja vyangu vimetoka malengelenge. Nilidhani wananionea kwa sababu ni mgeni.

Shefu wa karakana alikuja kukagua. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya upole kuliko ya padri. Alichuchumaa, akaishika ile fimbo kwa vidole viwili, akaitikisa. Haikusogea.

"Bon," akasema. "Hii tunaita piketi. Kurani ikikosa njia, itatafuta muntu. Weye unaipa njia ya kuingia mu udongo, inamuacha muntu na amani yake. Umesikia?" Kurani kwake ilikuwa umeme.

"Nimesikia, Shefu."

"Hapana. Utasikia siku ingine."

Kisha akaniingiza ndani, akafungua kifuniko cha tablo, lile sanduku la ukutani lenye swichi zote za nyumba. Akatoa kalamu ya risasi nyuma ya sikio lake, akanipa.

"Andika jina yako hapa ndani. Kwetu kila fundi anaweka jina. Siku muntu anakufa mu hii nyumba, tutajua tunatafuta nani."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Nikaandika DEO kwa herufi kubwa, nikaitazama kazi yangu kana kwamba nimejenga kanisa. Wala sikuwa nimefunga hata skrubu moja.

Walimu wa shule ya ufundi wameniomba niwaandikie vijana wao jinsi kazi yetu ilivyokuwa zamani. Nadhani walitaka mambo ya kuchangamsha: jinsi tulivyopanda nguzo kwenye mvua, jinsi watu walivyopiga vigelegele taa ya kwanza ilipowaka. Hayo yalikuwepo. Lakini mimi nitawaandikia kuhusu majiko, kwa sababu jiko ndilo lililoniharibia kazi, na sitaki kumaliza siku zangu nikisifiwa na watu wasiojua.

Kuunganisha jiko la umeme si kazi ya kubahatisha. Jiko kubwa, lenye sahani nne na tanuri, linakula umeme kuliko taa, redio na pasi ya nyumba nzima vikijumlishwa, kwa hiyo halichomekwi kwenye soketi yoyote iliyo karibu. Linapewa njia yake peke yake kutoka kwenye tablo: waya mnene wa milimita sita, usiokatwa wala kuungwa njiani, na disjonkta yake yenyewe, ile swichi inayojikata mzigo ukizidi. Ndani ya waya huo mna nyuzi tatu. Fezi inaleta umeme. Nyutro inaurudisha. Ya tatu, ya kijani na njano, sisi tunaiita tere, na inaungwa kwenye bati la jiko upande mmoja na kwenye piketi upande wa pili. Tere haina kazi mpaka siku jiko linapoharibika na umeme ukavuja kwenye bati. Hapo ndipo inauchukua na kuupeleka ardhini. Watu wengi wanaidharau, kwa kuwa jiko linawaka vizuri tu bila hiyo. Baada ya kufunga tere unaweka diferansieli kwenye tablo. Hicho ni kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na ule unaorudi, na kikiona upungufu hata mdogo kinakata kabla mtu hajafa.

Haya yote nilifundishwa na Shefu yuleyule. Alikuwa akitukagua mmoja mmoja, na ukikosea alikufanya ufumue kazi yote uanze upya, hata kama mwenye nyumba amekwisha kukushukuru. Nataka mjue hivyo tangu sasa, ili msije mkasema hakujua.

Mwaka wa pili nilipelekwa tambarare ya Bugarama, kwenye nyumba za wakulima wa mpunga na za watu wa kiwanda cha simenti. Joto la kule lilikuwa la kukufanya ujute kuzaliwa, ila udongo wake ni laini na una maji, na piketi inazama hata hujamaliza kuulizana habari na wenye nyumba. Mzee mmoja Mwislamu, jirani yangu wa pale, alinipachika jina la Bwana Misumari, na mpaka naondoka alikuwa akiniuliza kama nimemwachia Mungu nafasi kidogo ya kupitia ardhini. Nilikaa kule miaka kadhaa na nikafanya kazi safi. Nilidhani ni uhodari wangu. Siku hizi najua ni ule udongo ulionisaidia.

Kisha nikahamishiwa Mururu, mlimani, na kule udongo hauna msaada. Unapiga piketi, inakutana na jiwe. Unasogea, jiwe jingine. Siku nzima inaweza kuisha kwa fimbo moja. Na ndio wakati makaa yalipoanza kuwa adimu na ghali, watu wakaanza kununua majiko ya umeme, mengi ya okazyo, yaani yaliyokwisha kutumika Ulaya, yakipitia maghala ya Bukavu kabla ya kuvushwa mpaka kwenye daraja la Rusizi II. Kazi ikawa nyingi. Shefu naye alikuwa amepanda cheo, anaitwa Shefu wa Sehemu, ana gari na simu mbili, na kila Jumatatu alitakiwa kupeleka makao makuu orodha ya nyumba zilizokamilika.

Ndipo tukaanza kutumia bomba. Badala ya kugongea piketi kwenye mawe, unafunga ile tere kwenye bomba la maji la nyumba, unakaza, unaondoka. Zamani halikuwa jambo la kuchukiza sana, maana mabomba yalikuwa ya chuma na yalitambaa ardhini mbali. Lakini mabomba yale yalikuwa yakioza, na mafundi wa maji walikuwa wakiyafukua moja baada ya jingine na kuweka ya plastiki. Plastiki haipitishi umeme. Fundi yeyote anajua hilo, na mimi nilikuwa fundi.

Mteja ninayetaka kumtaja nitamwita Maman Nsimire. Alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Kivu ya Kusini, aliyepanga nyumba Mururu na kuvuka daraja kila asubuhi na mabeseni yake ya sambaza, wale dagaa wa ziwani. Jiko lake lilikuwa zuri, jeupe, la sahani nne. Alilinunua kwa ajili ya mama yake mzazi, bibi mmoja mwembamba aliyekuwa akikohoa tangu napiga hodi mpaka naaga.

"Doktere alisema moshi basi," akaniambia. "Mama yangu anapenda kujipikia. Nikimukataza anasema namufanya mutoto. Sasa atapika bila moshi. Papa Deo, unifungie vizuri."

Nilipozunguka nyuma ya nyumba nikakuta mtaro uliofukiwa karibuni, udongo wake bado mwekundu, na ncha ya bomba jeusi la plastiki inachungulia. Ndani, chini ya sinki, bomba lilikuwa bado la chuma, kipande cha mita tatu au nne tu, kinachoishia ukutani. Nikampigia Shefu.

"Shefu, bomba ya inje ni plastiki. Inabidi nipige piketi."

"Ndani ni nini?"

"Ndani ni chuma."

"Sasa? Funga pale ya ndani."

"Shefu, haiendi fasi yoyote."

Nilisikia mlango wa gari ukifungwa. "Deo, weye ulikuwa unapiga piketi mu matope ya Bugarama, ulizowea bibaya. Leo uko na nyumba ingine tatu. Funga, andika jina, ende."

Nikafunga. Diferansieli ilikuwa imekwisha ghalani, nikaambiwa italetwa. Nikaandika DEO ndani ya kifuniko. Niliandika upesi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningependa kuwaambia kwamba nilisita.

Fikirini nilichokifanya. Jiko lile lilikuwa limelala ghalani miezi, na sahani za jiko likikaa bila kuwashwa zinanyonya unyevu, kisha zinavujisha umeme kwenye bati. Tere ingeuchukua na kuupeleka ardhini, lakini tere yangu iliishia kwenye kipande cha chuma kisichokwenda popote. Kwa hiyo umeme uliovuja ulibaki kwenye bati la jiko, na kwenye bomba, na kwenye robine, pale maji yanapofunguliwa, unangoja mtu mwenye miguu ardhini.

Baada ya majuma mawili Maman Nsimire alinisimamisha njiani, beseni kichwani.

"Papa Deo, ile jiko inanipiga mukono. Na robine pia. Nikigusa robine, zii, mupaka kwa bega. Iko na nini?"

Aliposema robine nilijua kila kitu palepale. Hakuna fundi ambaye angehitaji kupima. Lakini kurudi kwake kulikuwa na maana ya siku nzima ya kupiga mawe, na Shefu juu ya kichwa changu. Basi nikafanya mzaha, mzaha wa karakana wa siku nyingi kuhusu barrage, lile bwawa la kuzalisha umeme lililo chini ya mlima.

"Maman, si unajua barrage iko pale chini? Kurani ya hapa haifanye safari. Inafika ingali mubichi. Kwa benye bako mbali inafika imeshapoa."

Alicheka sana, beseni likatikisika mpaka akalishika kwa mikono miwili. "Kweli? Ni juu ya barrage?"

"Uvae tu sapatu ukipika."

Sapatu ni kandambili za plastiki, na ni kweli zinasaidia kidogo, kama kusimama ukutani wakati mvua inanyesha. Alinishukuru. Nilipopita kwake siku nyingine nikaziona zile sapatu, za bluu, zimepangwa mbele ya jiko, na baadaye nikaona nyingine kwa jirani yake, na kwa jirani wa jirani. Nyumba zote hizo nilikuwa nimefunga mimi. Maneno yangu yalizunguka mlima mzima kuliko mimi mwenyewe, watu wakisimuliana kwamba umeme wa Mururu ni mbichi. Wengine walijisifia. Tuliyaacha yasambae kwa kuwa yalitupunguzia simu za malalamiko.

Yule bibi alikufa asubuhi moja, saa nne hivi. Nyumba ilikuwa imedekiwa, simenti bado ina maji. Wanawake wa umri wake hawatembei na viatu ndani ya nyumba iliyotoka kusafishwa, na nani angemlazimisha? Alisimama mbele ya jiko akisonga bugali, mkono mmoja kwenye mwiko, akaunyoosha wa pili kukamata ukingo wa jiko. Jirani alisikia sufuria ikianguka.

Siku ya tatu Injenia mmoja alikuja kutoka makao makuu na mkoba wa ngozi na karatasi za kujaza. Tulikaa ofisini watu wanne: Injenia, Shefu, mimi, na Maman Nsimire aliyekuwa ameitwa kutoa maelezo. Kifuniko cha tablo yake kilikuwa mezani. Waliking'oa ukutani wakakileta, na jina langu lilisomeka mpaka mlangoni.

"Jina ni yako?" Shefu akaniuliza, kama hanijui.

"Ni yangu."

"Mimi sikuona jina ya muntu mwingine pale."

Kalamu ile ya risasi alinipa yeye siku ya kwanza. Nilimtazama, naye akatazama dirishani. Nikaona gereza, nikaona watoto wangu watano. Injenia hakuwa mtu mbaya wa kupiga meza. Alikuwa mtu mwenye haraka, na akatafuta njia ambayo ingetutoa sote pale kabla ya saa nane. Akamgeukia Maman Nsimire.

"Maman, mlijua kwamba jiko linapiga?"

"Tulijua."

"Mlipewa shauri gani?"

"Kuvaa sapatu."

"Na marehemu alikuwa amevaa?"

Alianza kulia kimya, akijifuta kwa ncha ya kitenge. Injenia akaandika, na mimi niliisoma sentensi yenyewe kwa sababu nilitakiwa kuiwekea sahihi: kwamba mtumiaji alitumia kifaa bila viatu, kinyume cha shauri la fundi. Ndivyo mzaha wangu ulivyogeuka shauri la fundi.

Kisha Maman Nsimire akaniuliza, mbele yao wote.

"Papa Deo, weye uniambie ukweli. Ni juu ya kurani mubichi, si vile? Kama ningemulazimisha kuvaa, angekuwa hapa?"

Naandika swali hili nikiwa nimeweka kalamu chini mara mbili. Aliniuliza kitu kimoja tu, na ukweli wake ulikuwa mfupi: Hapana, maman, ni mimi, nilifunga tere kwenye kipande cha bomba kisichofika ardhini, na nilijua. Ningeyasema hayo mama yake asingefufuka. Lakini yeye asingebeba lawama.

"Ndiyo, maman," nikasema. "Pole."

"Basi ni miye," akasema. "Nilienda soko bila kumuvalisha."

Nikatia sahihi. Shefu akatia yake. Majuma mawili baadaye tukapewa agizo kwa maandishi kwamba kila fundi amshauri mteja mwenye jiko la umeme avae viatu vya plastiki. Diferansieli hazikuja mwaka ule. Maman Nsimire alihama, akarudi ng'ambo. Shefu alipanda tena cheo, na siku alipostaafu tulimchangia kiti cha kupumzikia.

Mimi niliendelea kazini mpaka umri uliponitoa. Baada ya jambo lile nilipiga piketi kila nyumba niliyotumwa, mawe au si mawe, na orodha zangu za Jumatatu zikawa fupi, nikaitwa mvivu. Sikupandishwa cheo tena. Msinihurumie. Kama kuna mtu wa kuhurumiwa katika habari hii, nimekwisha kumtaja. Siku ya kuniaga, mkubwa mpya, kijana aliyesoma vizuri, alinisifu kwamba kwa miaka yote ile sikupata kosa hata moja kwenye faili langu. Watu wakapiga makofi. Nikanywa soda yangu.

Nilivuka daraja mara tatu kumtafuta Maman Nsimire. Mara ya kwanza nilionyeshwa mtaa aliokaa, mara ya pili nikaambiwa amehamia kwa mwanawe, ndani zaidi, mara ya tatu hakuna aliyejua. Sijui ningemwambia nini. Nasema uongo: najua, na niliogopa, na kila mara nilipokosa kumpata nilirudi darajani moyo umetulia kidogo. Nina hasira na Shefu, nina hasira na yule Injenia na haraka zake, lakini nikikaa peke yangu hasira zote zinanirudia.

Sasa kila Jumamosi ninapanda Mururu na nyundo. Jina langu liko ukutani kwa watu wengi kule, na nakwenda nyumba kwa nyumba kupiga piketi nilizoziruka. Wengine wananiacha niingie, wengine wananifukuza wakidhani nimechanganyikiwa.

Jumamosi iliyopita niliingia kwa mama mmoja kijana, mgeni pale, hajapata kuniona maisha yake yote. Jiko lilikuwa lilelile nililolifunga mimi kwa mpangaji wa zamani. Mbele yake zimepangwa kandambili za plastiki. Niliponyoosha mkono kufungua tablo akanishika kwa shati.

"Mzee, ngoja. Uvae sapatu kwanza."

"Juu ya nini?"

"Kurani ya hapa ingali mubichi. Barrage iko hapa chini tu. Haukujua?"

"Nani alikuambia?"

"Bafundi. Kila muntu anajua."

"Mama, ni miye nilisema ile maneno," nikamwambia. "Nilidanganya. Iliua muntu."

Alinitazama, kisha akacheka kwa adabu, kama mnavyowacheka wazee mkiona wanataka kuchekwa. "Mzee, unapenda kuchekesha."

Nikafungua kifuniko. DEO, kwa kalamu ya risasi, bado inasomeka. Nikakata disjonkta ya jiko, nikafumua waya.

"Na bugali ya batoto?" akauliza, sasa hacheki.

"Leo mupike na makala," nikasema, nikinyoosha kidole kwenye jiko lake la makaa.

Nikatoka nyuma ya nyumba na piketi yangu, nikaanza kupiga. Nina miaka sabini na moja, mkono hauendi tena juu kama zamani. Pigo la nne likakutana na jiwe. Nikasogea hatua mbili, nikaanza upya. Yule mama alisimama mlangoni akiniangalia muda mrefu, kisha akaingia ndani, akarudi na zile sapatu, akaziweka taratibu karibu na miguu yangu ili umeme usinipige.